Kabla ya Waya: Mpangilio wa Meno ya Mtoto Huanzia Nyuma ya Kinywa

Wazazi wengi wanaowafikisha watoto wao kliniki ya kinywa na meno ili wapangwe meno huja na malalamiko ya mbele. Meno ya juu yameachana, au yamepandana, au yamechomoza kiasi kwamba midomo haifungi, na mtoto anataniwa shuleni. Mtoto mwenyewe mara nyingi ana miaka minane au tisa, umri ambao kinywa hakina utulivu: meno mawili mapana yamekwisha kuota mbele, pembeni kuna mapengo, na vijino vya utoto vilivyosalia vinaonekana kama wageni waliokosea nyumba. Swali la mzazi huwa moja: atafungwa waya lini? Daktari hufungua kinywa, huyatazama meno ya mbele kwa muda mfupi tu, kisha huhamia nyuma, kwenye magego, na huko hukaa. Mzazi hushangaa, kwa kuwa magego hayaonekani mtu anapocheka.

Kukaa huko kuna sababu. Ni kweli kwamba sehemu ya mpangilio wa meno hurithiwa. Mtoto aweza kuchukua taya dogo kwa mama na meno makubwa kwa baba, na hakuna aliyekosea. Lakini sehemu nyingine huamuliwa kati ya miaka mitano na kumi, nyuma ya kinywa, na mara nyingi huamuliwa kwa koleo la kung'olea, siku ambayo mtoto alikesha akilia kwa maumivu na mtu mzima mmoja akasema: "Ling'olewe tu, ni jino la utoto, litaota jingine." Makala haya yanahusu kauli hiyo. Yanamhusu mzazi anayeitamka, na zaidi yanamhusu mhudumu wa afya anayeikubali.

Gego la utoto lina kazi ya miaka kumi

Mtoto ana meno ya utoto 20, kumi juu na kumi chini. Katika kila taya manne ni ya mbele, mawili ni chonge, na manne ni magego. Meno ya mbele huanza kudondoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, na ndiyo yanayotujengea picha ya jino la utoto kuwa kitu cha kupita: linalegea, linarushwa juu ya paa, jingine linaota. Magego hayafuati ratiba hiyo. Gego la pili la utoto huota mtoto akiwa na miaka miwili au zaidi kidogo, na halitakiwi kuondoka hadi afikishe miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na miwili, pale gego dogo la ukubwani lililo chini yake linapokuwa tayari kuchukua nafasi. Kwa hiyo gego linalong'olewa katika umri wa miaka mitano lilikuwa bado na kazi ya miaka mitano au sita mbele yake. Kutafuna ni nusu tu ya kazi hiyo. Nusu ya pili ni kulinda kiwanja.

Akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, huota gego la kwanza la ukubwani. Halimwondoi jino lolote. Hakuna kinachodondoka, hakuna damu, hakuna sherehe. Mzazi hana habari. Hili ndilo jino ambalo Mmarekani Edward Angle, katika mwaka 1899, alilifanya msingi wa kuyapanga matatizo ya ung'ataji katika makundi matatu, na makundi yake yanatumika mpaka leo. Gego hili lina mwelekeo wa asili wa kusogea mbele. Kinachomzuia jirani huyu asivamie ni gego la pili la utoto, lililosimama mbele yake kama ukuta wa mpaka. Ukuta ukibomolewa mapema, gego la miaka sita hulala na kuteleza mbele, haraka zaidi katika taya la juu, na nafasi nyingi hupotea katika miezi sita ya mwanzo.

Matokeo hayaonekani wakati huo. Yanakuja kuonekana baada ya miaka mitano, wakati gego dogo lililokuwa likisubiri chini linapokuta mlango umefungwa, likabaki ndani ya mfupa au likatokea upande wa ulimi. Katika taya la juu mwenye kuumia zaidi ni chonge, kwa sababu huchelewa: huota katika miaka 11 au 12, baada ya wenzake wengi kukaa. Likikuta viti vimejaa, hupanda juu ya ufizi, nje ya mstari. Familia huliona jino hilo lililopandana kijana akiwa darasa la saba na kusema ni la ukoo. Huenda ni la ukoo. Huenda pia lilianza siku ile ya koleo, na hakuna anayeikumbuka.

Gego la miaka sita nalo lina msiba wake. Kwa kuwa limeota kimya, hudhaniwa kuwa la utoto. Lina mifereji mirefu juu yake, chakula hukwama humo, hutoboka mapema, na mtoto wa miaka minane hung'olewa jino ambalo lilikuwa limfikishe uzeeni. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hahitaji mashine ili kuliepuka kosa hili. Anahitaji kuhesabu. Aanzie katikati ya meno ya mbele, aende nyuma: la kwanza, la pili, chonge, gego la kwanza la utoto, gego la pili la utoto. Jino la sita kutoka katikati, hata kama mama anaapa kwamba ni la utoto, ni la ukubwani. Hesabu hii huyumba iwapo kuna jino lililokwisha kung'olewa, na ndiyo maana ni vema kutazama pia upande wa pili wa kinywa na kulinganisha.

Kuziba badala ya kung'oa

Itasemwa kwamba kuziba jino kunataka umeme, kiti na mashine ya kuchonga, na kwamba wilayani vitu hivyo havipo. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, katika kazi za jamii za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza kujaribiwa njia ya kuondoa sehemu iliyolainika ya jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine na mara nyingi bila ganzi, kisha kulijaza tundu kwa saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hujishikiza yenyewe kwenye jino na kuachia floraidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilikuwa na mada ya afya ya kinywa, na mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Si haba kwamba wataalamu wa nchi nyingi wamejifunza mbinu iliyozaliwa kwetu. Linalosikitisha ni kwamba mtoto wa kwetu bado ana uwezekano mkubwa wa kukutana na koleo kuliko kukutana nayo.

Njia hii ina mipaka. Inafaa jino lililotoboka ambalo kiini chake bado ni kizima: linaloshtuka kwa maji baridi au sukari, lakini halimwamshi mtoto usiku, halina uvimbe wala kijipu cha usaha kwenye ufizi. Mtoto aliyevimba shavu na kuwa na homa ni jambo jingine. Huyo hatungojei mpangilio wa meno; maambukizi kutoka kwenye jino yanaweza kuenea shingoni au kuelekea jichoni, na kung'oa, pamoja na dawa na rufaa ya haraka, huwa ndiyo tiba sahihi. Waya zinaweza kurekebisha meno yaliyopandana. Haziwezi kumrudisha mtoto aliyekufa kwa usaha.

Pale ambapo gego la utoto limelazimika kuondoka mapema, swali linalofuata, na ambalo mzazi anayo haki ya kuliuliza kabla hajanyanyuka kitini, ni hili: nafasi itatunzwa vipi? Kipo kifaa rahisi cha kutunza nafasi. Ni pete ya chuma inayovishwa jino la nyuma, ikiwa na kitanzi cha waya kinachofika hadi jino la mbele ya pengo, ili majirani wasisogeleane. Hutengenezwa katika hospitali kubwa zenye maabara ya meno. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na waya za miaka miwili. Hakihitajiki kila mara: ikiwa picha ya eksirei inaonyesha kwamba jino la chini liko karibu kuchomoza, kinaachwa. Kikiwekwa, hukaguliwa kila baada ya miezi michache, kwani pete ikilegea chakula hujificha ndani yake na jino lililopaswa kulindwa huoza.

Meno ya plastiki

Ipo njia nyingine ambayo mtoto hupoteza nafasi za meno yake, na hii hutokea kabla hajaota hata jino moja. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania imani ya "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan zina imani zinazofanana nayo kwa majina mengine. Mtoto mchanga anapata homa, anaharisha, anakataa kunyonya. Mtu anamfungua kinywa, anaona ufizi umetuna na kuwa mweupe mahali pa chonge, na hukumu inatolewa. Ufizi hupasuliwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, na kijino laini kilichokuwa kikijengwa ndani huchimbuliwa. Wazazi huonyeshwa kitu cheupe, chepesi, kinachofanana kweli na plastiki. Ni jino la mtoto wao ambalo halijakomaa.

Hatari kubwa ya kitendo hiki ni kifo, kwa kutokwa na damu, pepopunda au maambukizi ya damu, huku ugonjwa halisi, uwe malaria, nimonia au kuhara, ukiendelea bila tiba. Hilo limekwisha kuandikwa sana. Linalosemwa mara chache ni alama inayobaki kwa aliyenusurika. Chini ya chonge la utoto, karibu sana nalo, ndipo kinapoanzia kichipukizi cha chonge la ukubwani. Kisu hakijui mpaka. Miaka kumi baadaye kijana hufika kliniki akiwa na chonge lenye gamba bovu, lililopinda, au lisilokuwepo kabisa. Jirani yake amejaa katika nafasi hiyo, na mstari wa katikati wa meno umehamia upande mmoja. Mhudumu anayekuta mtoto wa miaka miwili au mitatu hana chonge, juu au chini, amwulize mama kwa upole, bila kumkaripia, kwa sababu mama huyo alikuwa akijaribu kumwokoa mtoto wake na huenda ana mwingine tumboni.

Mwanya si pengo

Turudi kwa mtoto wetu wa miaka minane mwenye meno yaliyoachana. Kiswahili kimewatangulia madaktari hapa, kwa kuwa kina maneno mawili: pengo ni mahali jino lilipotoka, mwanya ni uwazi kati ya meno yaliyopo. Mwanya wa umri huu kwa kawaida ni wa kupita. Chonge za ukubwani zikiwa bado juu ndani ya mfupa huisukuma mizizi ya meno ya mbele, na vichwa vya meno hayo hutawanyika kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Chonge zikishuka, mara nyingi mwanya hupungua au kufunga wenyewe. Kumfunga waya mtoto wa miaka minane kwa ajili ya mwanya huo pekee, kwa kweli, ni kumtoza mzazi fedha kwa kazi ambayo maumbile yangeifanya bure.

Hatari zaidi ni tiba ya nyumbani. Wapo vijana wanaouvuta mwanya kwa mpira mwembamba wa kufungia noti. Jino limejengeka kama koni: jinsi unavyopanda kwenye mzizi ndivyo linavyokuwa jembamba. Mpira huteleza, huingia chini ya ufizi usionekane, na kuendelea kupanda huku ukikata nyuzi na kumomonyoa mfupa unaolishika jino. Meno hulegea, ufizi huvimba, na mtu hukumbuka mpira baada ya meno mawili mazima kuwa hayaokoleki.

Na kama mwanya haukufunga? Si lazima ufungwe. Kwetu ni urembo, na wapo watu wazima wanaoutafuta. Vitabu vingi vya taaluma hii viliandikwa mbali na hapa, na vipimo vya zamani vya umbo la uso vilichukuliwa kwa watu wa asili ya Ulaya. Midomo iliyojaa na meno yaliyoegemea mbele kidogo, ambayo kwetu ni umbo la kawaida, huonekana kasoro katika vipimo hivyo. Daktari mzuri humwuliza kijana mwenyewe kinachomsumbua, tena ikibidi mzazi akiwa nje.

Yasiyongoja

Hata hivyo yapo mambo ambayo kuyaahirisha ni kuyakuza. Chama cha wataalamu wa upangaji meno cha Marekani hushauri mtoto akaguliwe kabla ya kutimiza miaka saba, na pendekezo hilo halina ubaya kwetu maadamu linaeleweka kuwa ni ukaguzi, si kufungwa waya. Jino la mbele la juu linalong'ata nyuma ya la chini lirekebishwe mapema, kwani kila mng'ato hulisukuma la chini nje na kuudhoofisha ufizi wake. Kunyonya kidole hakumdhuru mtoto mdogo, na wengi huacha wenyewe. Anayeendelea hadi meno ya ukubwani yanapoota huyasukuma mbele na kuacha uwazi usiofunga. Pilipili na viboko havisaidii sana. Kumshirikisha mtoto, na kumpa zawadi ndogo kwa kila wiki aliyoshinda, husaidia zaidi.

Meno ya juu yaliyochomoza sana ni jambo linalohitaji uamuzi wa busara. Tafiti zilizolinganisha watoto waliotibiwa mara mbili, utotoni na tena ujanani, na waliotibiwa ujanani tu, zimeonyesha kwamba mwishowe mpangilio hufanana. Tofauti iliyobaki ni kwamba waliotibiwa mapema walivunjika meno ya mbele mara chache zaidi. Kwa hiyo mtoto mtulivu anaweza kungoja. Anayeanguka kila wiki uwanjani huenda asingoje.

Kisha lipo chonge la juu. Mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, mpapase kwa kidole ufizi wa juu, upande wa shavu, juu ya chonge la utoto. Uvimbe mgumu mdogo unapaswa kusikika. Usiposikika, au ukisikika upande mmoja tu hadi miaka 11, mpeleke akapigwe picha, kwa kuwa jino huenda limepotea njia kuelekea kaakaani, ambako linaweza kuila mizizi ya jirani zake bila maumivu yoyote. Hapa ndipo kung'oa jino la utoto kunapogeuka kuwa dawa: utafiti uliochapishwa Sweden mwaka 1988 ulionyesha kwamba chonge la utoto likiondolewa kwa wakati, karibu chonge manne kati ya matano yaliyopotea yalirudi njiani yenyewe. Koleo ni lile lile. Kinachotofautiana ni hesabu iliyotangulia.

Waya zenyewe

Kwa wanaozihitaji, wakati unaofaa zaidi ni miaka 11 hadi 14, meno mengi ya ukubwani yakiwa yameota na mwili ukiwa katika kasi ya kukua. Waya huligandamiza jino taratibu. Upande unaogandamizwa, seli maalumu huumung'unya mfupa, na upande unaoachwa wazi seli nyingine hujenga mpya. Ni kazi ya milimita moja hivi kwa mwezi. Kukaza zaidi hakuharakishi, huumiza mizizi tu. Matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili na zaidi, yenye safari za kliniki kila baada ya wiki nne hadi nane.

Safari hizo zihesabiwe kabla ya kuanza. Kijana anayefungwa waya akiwa kidato cha tatu anaweza kupangiwa kidato cha tano katika mkoa usio na mtaalamu hata mmoja, na waya zilizotelekezwa kinywani ni mbaya kuliko meno yaliyopandana: uchafu hujishika, na zinapotolewa jino hubaki na madoa meupe ya gamba lililoanza kuoza. Kabla ya waya, meno yote yaliyotoboka yazibwe. Baada yake, mswaki wenye dawa ya floraidi upite juu na chini ya waya kila baada ya mlo, na miwa, kashata, bisi, barafu na mahindi ya kuchoma ya gunzi viwekwe kando.

Kwa vijana wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna nyongeza. Maji ya sehemu nyingi huko yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo, na magadi ya kupikia huongeza. Gamba la meno hujengeka likiwa na madoa ya kahawia, na kijana husingiziwa uchafu. Gamba lililoathirika sana halishiki gundi vizuri. Vipande vya waya hubanduka mara kwa mara, na wakati wa kuvitoa gamba laweza kumeguka. Mwambie daktari ulipokulia kabla hajaanza.

Waya zikitolewa, mfupa bado mbichi na nyuzi za ufizi huyavuta meno kurudi yalikotoka. Kwa hiyo kijana hupewa kishikizi: waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno, au kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua. Mwanzoni huvaliwa karibu muda wote, baadaye usiku tu, kwa miaka. Vingi hupotea mezani, vikiwa vimefungwa katika karatasi laini na kutupwa pamoja na mabaki ya chakula. Kisanduku chake kikae katika mfuko wa shule. Kisioshwe kwa maji ya moto, kwa maana hupinda, na kilichopinda hakirudi kinywani. Kikipotea au kupinda, kijana arudi kliniki wiki hiyo hiyo, si likizo ijayo.